Mji Ulioficha Njaa Yake

Ukimwuliza mtu wa Vesala habari za Lempi Hakola, kwanza atatazama dirishani, kama vile theluji imeanza kuanguka, halafu atasema, "Alikuwa mpishi hodari." Basi. Hataongeza neno. Na ni kweli, alikuwa mpishi hodari. Lakini mtu hanyamaziwi namna ile kwa sababu ya mapishi.

Mimi nilikuwa nikitunza boila la shule, lile tanuri kubwa la kupashia jengo joto, kule chini kabisa, na jiko la Lempi lilikuwa juu ya kichwa changu. Kila asubuhi nilizisikia hatua zake kabla mwalimu yeyote hajafika. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mikono myekundu hadi viwikoni, na alitembea kama mtu anayekwenda kukamata kuku. Maneno hakuwa nayo mengi. Wafini wetu wa kaskazini ya Minnesota ndivyo walivyo. Marehemu mumewe, Arvo, alimposa kwa kuleta kuni gari zima na kuzipanga uani kwao bila hata kubisha hodi. Lempi alitoka, akazizunguka zile kuni, akaona zimepangwa sawasawa, akarudi ndani kuteleka kahawa. Hiyo ndiyo posa, na ndoa ikadumu mpaka vumbi la mgodi lilipommaliza Arvo mapafu. Watoto hawakujaliwa.

Nirudi nyuma kidogo, maana bila hili la nyuma la mbele halieleweki. Lempi alisoma shule hiyo hiyo ya Vesala. Baba yake alivunjika mgongo mgodini, Lempi akiwa darasa la pili, na siku zile mtoto asiyeweza kulipia chakula cha mchana alipewa tikiti ya kijani, wenzake wakiwa na za njano. Nadhani hakuna aliyekusudia ubaya. Mtu fulani mahali fulani alitaka kurahisisha hesabu yake. Lakini rangi haina siri. Wenzake walimwita "Kijani" mpaka akawa msichana mkubwa. Mara nyingi tikiti aliiacha mfukoni, akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma na njaa yake, kwa sababu njaa iko tumboni, na tumboni mwa mtu hakuna anayechungulia.

Basi alipokabidhiwa jiko la shule, ukubwani, aliweka sheria moja tu: mtoto akifika mbele yake na sahani, anapakuliwa. Haulizwi kitu. Alikiweka kisanduku cha pesa ya chakula mlangoni, akakishonea mfuko wa kitambaa juu yake, kama mkono wa koti. Mtoto aliingiza mkono wake mle ndani, akaachia senti zake, akautoa. Asiye na kitu aliingiza mkono mtupu akautoa mtupu, na aliyesimama nyuma yake hakuweza kujua. Jioni Lempi alihesabu, akaona upungufu, akaujaza kutoka kwenye mshahara wake. Kitabuni ikaandikwa: wote wamelipa.

Wakati mgodi unafanya kazi upungufu ulikuwa mdogo, ni mlevi huyu na mjane yule. Halafu mgodi wa chuma ukafungwa. Walitangaza asubuhi, na kufika saa sita mchana foleni ya watu wanaouza magari yao ilikuwa ndefu kuliko ya wanunuzi, maana wanunuzi hawakuwapo. Kuanzia hapo mikono mitupu ikawa mingi. Lempi hakubadilisha kitu. Mkulima mmoja alimletea viazi. Wawindaji walimletea mapaja ya kulungu, na mimi sikuuliza kama yalikuwa ya msimu halali. Alipika mchuzi wa nyama na viazi, alioka mikate, na mshahara wake uliishia ndani ya kile kisanduku. Yeye mwenyewe alivaa koti la Arvo.

Mwaka na nusu ulipita hivyo. Mwishoni mwa Agosti, wiki ambayo shule inakaribia kufunguliwa, alikuja Bwana Brandvold, mkuu wa wilaya yetu ya shule. Alikuwa Mnorwe mrefu wa tai zenye picha za samaki, mtu mwema, anainama kila mlangoni hata mlango ukiwa mrefu. Alitukuta jikoni, mimi nikirekebisha bomba.

"Lempi, nina swali la kijinga."

"Kaa kwanza. La kijinga haliulizwi mtu kasimama." Akammiminia kahawa.

"Mgodi umefungwa. Mtaa wa juu nusu ya nyumba zimepigiliwa mbao madirishani. Lakini nikitazama hesabu zangu, kaskazini yote hakuna watoto wanaolipia chakula kama wa Vesala."

"Watu wetu wanalipa madeni yao."

"Kwa pesa gani?"

Lempi akamwongezea kahawa, na kikombe kilikuwa bado kimejaa. Ikafurika, ikatambaa mezani. Brandvold akaifuta kwa leso yake, taratibu, kama mtu anayepanga maneno.

"Sikiliza nikueleze jimbo linavyogawa pesa za shule," alisema. "Kwanza linapima mali ya wilaya, ardhi na majengo, lijue sisi wenyewe tunaweza kujitoza kodi kiasi gani. Halafu linahesabu watoto. Halafu linauliza: kati ya hao, maskini wangapi? Kwa sababu mtoto wa nyumba yenye dhiki anahitaji msaada zaidi darasani, basi kwa kila mmoja wao linaongeza fungu juu. Ni haki. Mimi mwenyewe nisingetunga iliyo haki zaidi."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba jimbo halina macho, Lempi. Lina vidole tu, vya kuhesabia. Halijui kwamba Wayne Rautio ameuza bunduki za baba yake. Linachojua ni fomu ya chakula. Mzazi akiijaza akatia saini, kwamba kipato chake ni kidogo na mtoto wake ale bure, basi mtoto huyo ni maskini. Asipojaza, ni tajiri. Fomu zinahesabiwa tarehe mosi Oktoba. Na za Vesala mwaka jana zingekaa kwenye mfuko wa shati langu, na kalamu ikapata nafasi."

"Zisipokuja na mwaka huu?"

"Kwenye karatasi nyinyi ni mji wa watu wenye nafasi, mna shule ndogo yenye gharama kubwa. Januari bodi inapiga kura. Shule inafungwa, watoto wanapanda basi kwenda Nordby."

Nordby ni mwendo wa saa nzima na zaidi, ikiwa hakuna theluji. Na kwetu ukisema "ikiwa hakuna theluji" watu wanacheka. Mtoto wa miaka sita angetoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Na shule ikishaondoka mji unabaki na nini? Tulikuwa na kanisa, duka moja, na mabango ya nyumba zinazouzwa.

Lempi akaiweka chini birika ya kahawa. "Kwa hiyo ni mimi niliyefanya hivi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Umesema kwa adabu, lakini umesema."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lempi alikuwa ameuficha uchi wa mji mzima, kwa shuka lake mwenyewe.

*

Septemba yote tulizunguka naye. Yeye hakujua kuendesha gari, kwa hiyo nilimchukua kwenye pikapu yangu kila baada ya kazi, fomu zikiwa mapajani pake. Mtu wa mbali angedhani ni kazi nyepesi. Saini tu. Lakini kwetu ukiingia nyumba ya mtu huanzi na shida yako. Unakaa. Unaletewa kahawa na mkate wa iliki. Unakunywa kikombe cha kwanza mkizungumza habari za mvua, cha pili mnazungumza habari za wafu, na ya moyoni huyasemi mpaka cha tatu. Sasa ukifika cha tatu umeshakula mkate wa watu, tena umeona wamekata kipande kinene ili usijue ndio wa mwisho. Utamwambiaje mtu kwamba yeye ni maskini na makombo yake yako kifuani mwako? Tulirudi kila siku matumbo yamejaa kahawa na fomu zikiwa nyeupe.

Wengine alijitahidi akawaambia. Bibi mmoja aliyekuwa akilea wajukuu alimpigapiga Lempi begani. "Mungu akubariki, mama, lakini kuna wenye shida kutuzidi. Nenda pale jirani." Tukaenda jirani. Jirani naye akasema, "Sisi tunasukuma siku. Mngempelekea yule bibi, anasikitisha sana."

Tulipotoka pale nilicheka. Lempi hakucheka.

Kwa Wayne Rautio tulifika jioni moja ya jua, anapasua kuni, mkewe Jodi anaanua nguo. Wayne alikuwa dereva wa yale malori makubwa ya mgodini, ambayo gurudumu lake ni refu kuliko nyumba yangu. Alikuwa na watoto wanne shuleni. Alipotuona aliegemea shoka.

"Bi Lempi! Umekuja kukagua kuni zangu au umekuja kuolewa? Maana mimi nimeshaoa, umechelewa."

"Ningekutaka ningekuchukua darasa la tatu, ulipokuwa bado una akili."

"Jodi, unasikia natukanwa kwangu?"

"Nasikia," Jodi akajibu toka kambani, "naongeza na langu kimoyomoyo."

Tulicheka wote. Halafu Lempi, ambaye safari hii alikuwa amekataa kahawa, na kukataa kahawa kwetu ni kama kukataa mkono wa mtu, akamnyooshea fomu. Wayne alijifuta mikono, akasoma. Uso ukajifunga.

"Hii ni ya maskini."

"Hii ni ya shule, Wayne. Usiposaini, inafungwa."

"Imeandikwa kipato cha nyumba. Nikishaandika, inakwenda mezani kwa Donna Zupanc ofisini. Unamjua Donna. Ulimi wake unafika dukani kabla ya miguu yake."

"Wote mkisaini, Donna atamsema nani?"

"Basi aanze mwingine." Akamrudishia. "Mimi sijashindwa bado. Watoto wangu wanakula kwa pesa yao. Kila Jumatatu Jodi anawapa ya kisanduku. Sivyo, Jodi?"

Jodi alikuwa na shuka mikononi. "Ndiyo," alisema.

Lempi akamtazama Jodi. Jodi akalitazama shuka, akalikunja, akalikunja tena mpaka likawa kama kitabu. Pale Lempi angeweza kusema. Neno moja. Akaikunja ile fomu naye, akaitia mfukoni mwa koti, akaaga.

Tulipolipita kanisa, garini, aliniuliza. "Umemwona Jodi?"

"Nimemwona."

"Tangu mgodi ufungwe sijasikia senti moja ya wale wanne. Senti ina sauti, hata kitambaani. Pesa hiyo atakuwa analipia umeme."

"Ungemwambia Wayne."

"Nimvunjie mtu nyumba yake?" Akageukia dirishani. Misonobari ilikuwa inapita, mirefu, yote sawasawa.

*

Jumatatu, siku moja tu kabla ya ile tarehe mosi, asubuhi, Lempi alishuka kwenye chumba cha boila. Hakuwa na kawaida ya kushuka.

"Brandvold amepiga simu," alisema. "Hazitoshi. Hazifiki hata nusu ya zinazotakiwa. Kesho ndiyo siku."

"Umefanya ulichoweza."

"Bado kimoja." Alikuwa amesimama karibu na moto, uso wake mwekundu kwa joto. "Leo asiye na fomu wala senti, simpakulii."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Lempi. Hao ni watoto."

"Najua ni watoto! Unafikiri nadhani ni nini, magogo?" Sikuwahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile. "Wazazi nimewaendea, wamenipa mkate. Mimi hawanisikii. Watawasikia wao."

Akapanda. Nilipaswa kubaki na boila langu, lakini saa ya chakula ilipofika nilipanda nikasimama penye mlango wa ukumbi.

Alikuwa amekifumua kile kitambaa cha kisanduku. Kisanduku kilikaa wazi, bati tupu, kila mtu akikiona. Watoto walikuwa wamepanga mstari, wanasukumana na kucheka kama siku zote, harufu ya mchuzi imejaa. Wa kwanza walikuwa wa mwenye duka na wa mchungaji, wakatumbukiza, kling, wakapakuliwa. Halafu akafika Britta Rautio, kitinda mimba wa Wayne, miaka minane, meno ya mbele hana. Akapeleka mkono kwenye kisanduku kama alivyozoea, akaukunja, akaufungua, akautoa. Akainua sahani.

"Pesa yako, Britta," Lempi alisema.

"Nimeweka."

"Hujaweka, mwanangu."

"Nimeweka, Bi Lempi. Kama siku zote."

Mstari mzima ukaacha kusukumana. Nyuma yake kulikuwa na kaka yake mkubwa, mvulana wa darasa la sita, masikio yake yamekuwa mekundu kama makaa. Yeye alikuwa ameshaelewa.

"Nenda ukakae," Lempi akamwambia Britta. "Mwambie baba atie saini kwenye fomu, kesho utakula."

Mtoto hakuondoka. Alibaki ameinua sahani, anamtazama, hakasiriki wala halii, anangojea tu aambiwe ni mzaha. Kaka yake ndiye aliyemshika mkono akamtoa. Baada yao wengi walijitoa wenyewe kwenye mstari kabla ya kufika mbele. Wakaenda kukaa kwenye meza zile ndefu, mikono mapajani, wakitazama wachache wakila. Na wale wachache nao wakashindwa kula. Lempi hakuwapa hata kipande cha mkate. Alijua mkate ungeharibu yote. Alisimama nyuma ya masufuria yake na upawa mkononi mpaka kengele ikalia, na mvuke ukampita usoni.

Sufuria mbili nzima za mchuzi zilibaki. Nilizimwaga mimi kwenye ndoo za nguruwe za yule mkulima, maana Lempi alikataa kuzigusa.

Wayne alikuja kabla mabasi hayajaondoka. Nililisikia lori lake likifunga breki kwenye kokoto. Aliingia jikoni na buti zake za matope, akaiweka fomu aliyoichukua ofisini juu ya meza ya kukandia unga.

"Kalamu."

Lempi akampa ya mfukoni. Wayne akaandika, anabonyeza mpaka karatasi ikatoboka mahali pamoja.

"Umenilishia watoto tangu mgodi ufungwe," alisema, "na hukuniambia. Hilo ningekusamehe. Ningekuja nikakupasulia kuni maisha yako yote. Lakini leo umeutangazia mji kupitia kinywa cha mtoto wa miaka minane. Ungenikuta mimi dukani ukanizaba kofi mbele za watu, Bi Lempi, ningekuelewa zaidi."

"Nilikuja kwako, Wayne."

"Ulikuja ukakunja karatasi ukaondoka!"

"Nilikuwa na sababu ya kukunja."

"Sababu yako naijua. Iko nyumbani inalia tangu watoto walipopiga simu." Akaitupa kalamu kwenye unga. "Britta ananiuliza kosa lake ni nini. Njoo wewe umjibu."

Lempi akaiokota kalamu. Wayne alikuwa ameshatoka.

*

Kesho yake fomu zilikuja. Zilikuja kwa namna zote. Mama mmoja aliipitisha chini ya mlango wa ofisi na kukimbia. Mwanamume mmoja aliipiga mezani kwa Donna, akasema, "Haya, soma, ukapige kengele kanisani." Yule bibi wa wajukuu alileta yake ndani ya bahasha ya kadi ya Krismasi, kaifunga kwa gundi. Jioni Brandvold alizibeba kwenye boksi la buti, amelikumbatia kama mtoto mchanga.

Shule ikaokoka. Januari bodi ilikutana, ikatazama hesabu mpya, haikupiga hata kura. Fedha za ziada zikaja, tukapata mwalimu wa kuwasaidia wasiojua kusoma vizuri, na tangi la mafuta ya boila likajazwa mpaka juu. Brandvold alikuja jikoni na keki ya dukani, tai yake siku hiyo ina samaki wawili.

"Umeiokoa shule, Lempi."

"Umepita ukumbini leo?" Lempi akamuuliza. "Umewahesabu walioko kwenye mstari?"

Brandvold akatazama keki yake.

Maana akina Rautio walikuwa wameshaondoka. Novemba, theluji ya kwanza, Wayne alipakia vitu kwenye lori wakaenda Duluth kwa kaka yake Jodi. Watu walisema amepata kazi bandarini; wengine wakasema hakupata kazi yoyote, alishindwa tu kuingia dukani na watu wakamsogelea kwa huruma. Nyumba ile ikapigiliwa mbao. Lakini hesabu ya Oktoba haifutwi na Novemba. Watoto wanne wa Rautio walikuwa wamehesabiwa, na fungu lao tuliendelea kulila. Nilipokuwa nikiwasha moto asubuhi nilijua ninachoma mafuta ya watoto wasiokuwapo.

Na wengine walikuwapo, lakini si kama zamani. Kanisani, Jumapili, Lempi alileta mkate wake kwenye kahawa ya baada ya ibada, chini ya kanisa, kama kawaida, na watu walimsalimia kama kawaida, maana sisi si watu wa kugombana, wakapita mezani wakachukua vya wengine. Mkate wake ukarudi nyumbani mzima. Jumapili iliyofuata pia. Ya tatu hakuleta. Hakuna aliyemtukana, laiti wangemtukana. Nilimwambia siku moja, "Watasahau." Akasema, "Wasisahau. Mimi nimefanya nikijua." Akaendelea kumenya viazi.

Tulipomwona amejikunja vile wengine tulidhani ataacha kazi. Hakuacha. Labda hakuwa na pengine pa kwenda. Labda alijiona anadaiwa ile kazi. Sijui. Kitambaa cha kisanduku hakukirudishia, kwa kuwa hakikuhitajika tena: karibu wote sasa walikula bure, kwa karatasi.

Sasa kuna jambo ambalo sikuwa nimelijua, na nadhani hata yeye alilisahau katika fadhaa ile. Zile fomu si za mara moja. Kila mwaka mpya wa shule zinaanza upya, na kila Oktoba jimbo linahesabu tena, kana kwamba umaskini ni homa na huenda umepona wakati wa likizo. Agosti iliyofuata nilimuuliza, "Nitie mafuta pikapu tuzunguke?" Akatikisa kichwa. Hakukuwa na haja. Zilikuja zenyewe, kabla ya muda, zimejazwa zote, wala hakuna aliyezificha ndani ya kadi. Watu walizileta kama wanavyoleta taka barabarani siku ya gari la taka. Brandvold alifurahi sana. Alisema Vesala sasa ni mfano kwa wilaya nzima.

Siku ya kwanza ya shule nilipanda juu kufungua mabomba ya ukumbi yaliyokuwa yanagonga. Saa ya chakula ikafika. Darasa la kwanza ndio walioongoza mstari, wadogo, wamevaa viatu vipya ambavyo ni vya kaka zao, hakuna hata mmoja aliyewahi kupakuliwa na Lempi. Wa mbele alikuwa kavulana ka nywele nyeupe. Kalisimama mbele ya masufuria, sahani imebanwa kifuani, na kabla Lempi hajainua upawa kakasema kwa sauti ya shairi la kukariri:

"Baba ameshasaini."

Lempi akabaki na upawa hewani. "Sijakuuliza, mwanangu. Lete sahani."

"Na wangu ameshasaini," akasema wa pili.

"Wangu mama. Mama amesaini."

Ikaenda hivyo mstari mzima, mmoja mmoja, na kila mmoja hakushusha sahani mpaka amesema. Lempi aliwajibu wa kwanza wachache. Halafu akaacha kujibu, akapakua tu. Na mwaka uliofuata wakasema wengine, na uliofuata tena, mpaka siku alipokabidhi funguo za jiko. Ukiwauliza wale watoto kwa nini wanasema, hawakujua. Walikuwa wamefundishwa nyumbani, kama mtoto anavyofundishwa shikamoo: ukifika mbele ya yule bibi, kabla ya kitu chochote, sema hivi.